Suti ya Mtanashati

"Vua koti, mwanangu, hapa ni kwenu," Mama alisema, na yule kijana akavua koti.

Laiti Mama angenyamaza. Joto lilikuwepo, ni kweli, sebule yao ina dirisha moja na lenyewe linafunguka nusu, lakini nani aliwahi kufa kwa sababu ya koti? Kijana alilivua taratibu, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, likakaa bitana nje, akarudi kuketi karibu na Kitinda. Pasi, aliyekuwa akitoka jikoni na sinia la chai, akasimama katikati ya chumba kana kwamba amesahau alikokuwa akienda.

Kwapani mwa koti lile, upande wa kushoto, bitana nyeusi ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani.

Uzi ule ulikuwa wake Pasi. Mishono ilikuwa yake pia, midogo midogo, iliyolala upande mmoja kwa sababu yeye hushona kwa mkono wa kushoto. Aliishona siku chache nyuma, kazini kwa dobi, uzi mweusi ulipomwishia, akajiambia hakuna mtu atakayechungulia kwapa la mwenzake. Na koti hilo halikuletwa na mtu yeyote mwenye jina. Lilikuja ndani ya gunia la mkahawa mkubwa wa katikati ya mji, pamoja na vitambaa vya meza na aproni za wahudumu, kama linavyokuja kila Jumatatu.

Pasi si jina alilopewa na wazazi. Walimbandika wenzake kazini, kwa kuwa anashika pasi tangu asubuhi mpaka jioni, na nyumbani nako likamfuata. Vivyo hivyo mdogo wake aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, na huyu mchumba wa Kitinda aliitwa Mtanashati kwa kuwa Mjomba, kaka yake Mama, alipomwona mara ya kwanza alisema kijana huyu hata akianguka topeni atainuka amenyooka. Mtanashati alikuwa akija Jumapili tu. Siku nyingine, alisema, kazi ilimbana, yuko upande wa mauzo. Mauzo ya nini, hakusema, na Mama aliona si adabu kumhoji mgeni.

"Suti nzuri," Pasi alisema, akitua sinia. "Umenunua wapi?"

"Nimeshonewa, dada."

"Na fundi gani?"

"Fundi wangu wa siku nyingi," Mtanashati alijibu upesi, macho yakiwa kwenye vikombe.

"Mpe shemeji yako chai, inapoa," Mama alisema.

"Chai hiyo, kijana," Pasi alisema.

Mama akamkata jicho. Neno shemeji lilikuwa linamkwama Pasi tangu siku ya kwanza, na sasa lilikwama zaidi. Angemwitaje shemeji mtu aliyeingia kwao amevaa kazi ya mkono wake Pasi, kisha akamwambia ameshonewa na mwingine?

Mtanashati alikunywa chai, akajikohoza, akasema alilolijia. Jumamosi jioni anawaalika wote kula nje, Mama, Mjomba, na dada. Aliutaja mkahawa wenyewe. Kuna jambo anataka kulisema mbele ya wakubwa. Mama aliweka mkono kifuani, Kitinda akainamisha uso akicheka, na Pasi akabaki analitazama koti.

Jumatatu asubuhi gunia la mkahawa lililetwa kama kawaida. Dereva wao, mtu mnene anayependa benchi la dobi kuliko usukani, alilibwaga sakafuni akaketi kujifuta jasho. Mama Sabuni, mwenye mashine za kufulia, akaanza kuchambua, vitambaa vya meza huku, aproni kule. Chini kabisa zikatokea suti nyeusi na gauni jekundu.

"Suti hii ilikuwa wapi jana?" Pasi aliuliza.

"Nitajuaje? Imerudishwa leo alfajiri."

"Na nani?"

"Dada, mimi nabeba nguo, sibebi habari," dereva alisema. Kisha akakumbuka alichotumwa. "Suti ni kufua na kupiga pasi tu. Gauni lishushwe upindo. Mvaaji wa Jumamosi hii ni mrefu."

Pasi alilichukua gauni, akaligeuza nje ndani. Alilijua kama anavyoujua uso wake. Wiki iliyopita alikuwa amelipandisha upindo. Kabla ya hapo alilifungua ubavuni, mvaaji akiwa mnene, na kabla ya huyo mnene alilibana kiunoni mpaka akashangaa kama kuna binadamu ataingia humo. Gauni lilibadilika kila wiki. Suti haikubadilika hata mara moja, mabega yale yale, urefu ule ule.

"Mwanaume mmoja, wanawake wa kila umbo," Mama Sabuni alisema akichungulia begani mwake. "Huyo bwana hachagui, anakusanya!"

Mama Sabuni alicheka mpaka akashika mashine. Pasi hakucheka. Alikaa kwenye cherehani, akaushusha upindo bila kutafuta futi ya kupimia, kwa kuwa mtu mrefu aliyemjia akilini alikuwa analala naye kitanda kimoja tangu utotoni. Alipomaliza alilipima kwa macho, na roho ikamwambia litamfika Kitinda kifundoni sawasawa.

"Amekuahidi gauni?" Pasi aliuliza jioni hiyo, Kitinda alipokuwa kitandani akijipaka mafuta miguuni. Kitinda anauza viatu dukani na hushinda amesimama.

"Umejuaje?" Uso wa Kitinda ukang'aa. "Kasema nitalikuta hapo hapo mkahawani, nivae kabla ya kukaa mezani. Ni la kunishtukiza, ila mimi nimemchokonoa mpaka kasema rangi. Jekundu, dada!"

Pasi akamwambia yote. Alimweleza uzi wa kijani, gunia, upindo unaopanda na kushuka, mnene na mwembamba na mfupi. Alieleza kwa sauti ya chini maana Mama alikuwa upande wa pili wa pazia, na kadiri alivyoeleza ndivyo mkono wa Kitinda ulivyozidi kusugua mguu ule ule uliokwisha pakwa.

"Suti nyeusi ziko ngapi mji huu?"

"Zenye uzi wangu kwapani? Moja."

"Labda ana rafiki hapo mkahawani, akampelekea afuliwe pamoja na zao."

"Na gauni? Rafiki naye anavaa gauni?"

Kitinda alifunga kopo la mafuta kwa nguvu. "Sema tu inakuuma. Mimi mdogo nimepata, wewe mkubwa bado unapiga pasi suruali za waume za watu."

Maneno hayo yalimwingia Pasi moja kwa moja. Alichokitaka ni mdogo wake asichezewe, basi, na sasa ameonekana mwenye kijicho.

"Pasi," Mama aliita kutoka nyuma ya pazia, "mwache mwenzio afurahi. Kila kijana akija humu ndani wewe unamgeuza bitana."

Mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wa korido nzima. Alikuwa ameazima viatu kwa mama mwenye nyumba, vyenye kisigino, na kila jioni alivivaa akatembea kutoka kitandani hadi mlangoni kujizoesha. Pasi alizisikia zile hatua, ko, ko, ko, akameza alichotaka kusema.

Jumamosi mkahawa ulikuwa umejaa. Meza yao ilikuwa katikati, chini ya taa kali kuliko za meza nyingine, na pembeni alisimama kijana mwenye kamera kubwa. Mjomba, aliyevaa kofia yake ya sherehe, aliifungua menyu, akaifunga, akaifungua tena kama anayetazama kama bei zimepungua.

"Agiza unachotaka, mjomba," Mtanashati alisema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Usiangalie upande wa kulia."

"Mimi kuku," Mjomba alisema. "Kuku hajawahi kuniangusha."

Kitinda alitokea mlango wa ndani, na hata Pasi aliyejua alishika pumzi. Gauni lilimkaa kama limekatiwa juu yake. Upindo ulimgusa kifundo cha mguu, pale pale. Kitinda aliutazama upindo, akamtazama dada yake, akaangalia kando haraka.

Chakula kikaja. Kabla hawajakigusa, mwanamke mwembamba mwenye ufunguo shingoni, meneja wa mkahawa, alimwinamia Mama sikioni.

"Mama, samahani, unaweza kusogea kiti cha kule? Kitambaa chako cha kichwa kinapigana na rangi ya ukuta kwenye picha."

Mama alisogea, viatu vikampiga chenga, akashika meza. Pasi akaona mama yake anaomba radhi, yeye aliyeondolewa kitini.

Ndipo Mtanashati akasimama, akapiga goti, akatoa kiboksi. "Kitinda," alisema, "mbele ya mama yako na mjomba wako, naomba uwe mke wangu." Kitinda alilia na kucheka, akanyoosha kidole, pete ikaingia. Mama akapiga vigelegele, meza za jirani zikapiga makofi, na hata Mjomba akaweka chini paja la kuku.

"Jamani, samahani," alisema kijana wa kamera. "Mhudumu amepita mbele. Turudie. Pete itoke, bwana harusi arudi chini, na wewe mama, vile vigelegele vilikuwa safi sana, vipige tena hivyo hivyo."

Mama alimtazama kijana wa kamera, akamtazama Mtanashati, na kwa kuwa hakutaka kumharibia mwanawe siku, akafungua kinywa apige tena.

Pasi akasimama. Alizunguka meza, akalishika koti la Mtanashati upande wa kushoto, akalifunua mbele ya taa.

"Mama, usipige! Angalieni hapa. Uzi huu ni wangu. Suti hii ni ya mkahawa, naifulia mimi, na gauni hilo naliongeza na kulipunguza mimi kila wiki. Wiki iliyopita ulimpigia goti mfupi. Kabla yake mnene. Sema, si kweli? Mwongo mkubwa! Wangapi umewavisha pete hiyo?"

Watu wa meza za jirani wakainua simu zao. Mtanashati alibaki amepiga goti, koti limefunuliwa kama mfuko uliopekuliwa.

"Ni kazi," alisema. "Wananilipa. Napiga goti, wanapiga picha, wanaweka mtandaoni, vijana waone watu wanachumbiana hapa nao waje. Wale wengine ni kazi tu. Kitinda, wewe si kazi. Nilitaka Mama yako akae mahali pazuri, na mimi sina uwezo wa mahali pazuri. Leo ni mwisho, nimewaambia."

"Mwisho," Pasi alisema. "Kila mwongo ana mwisho wake."

Huenda Kitinda angemwamini. Alikuwa anamtazama machoni, midomo imefunguka. Lakini meneja alifika mbio, akanyoosha kiganja. "Pete naomba, kabla haijapotea. Na gauni, dada, vua ndani huko, lisije likamwagikiwa."

Kitinda aliivua pete. Aliiweka kwenye kiganja cha meneja, akaingia ndani, akatoka amevaa aproni na sketi ya mhudumu aliyemwonea huruma, kwa kuwa wasichana wa jikoni walikuwa wamezifungia nguo zake alizokuja nazo na yule mwenye ufunguo wa kabati lao hakuonekana. Alipopita karibu na Mtanashati alisema, "Usije tena kwetu."

"Bili ya meza hii ikatwe kwangu," Mtanashati alimwambia meneja. Hakuna aliyemsikiliza ila Mjomba, aliyekuwa akimwomba mhudumu mfuko wa kubebea kuku.

Njia nzima Mama alitembea peku, viatu vya kuazima mkononi. Pasi alisubiri mtu amwambie ahsante. Hakuna aliyemwambia.

Jumatatu gunia likaja. Pasi alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu Jumamosi, kwa sababu Kitinda alilala amegeukia ukutani, na kitanda cha watu wawili kina njia zake za kumwambia mtu kwamba hatakiwi. Lakini moyoni alijipa nguvu. Alikuwa sahihi. Wiki hii gauni litakuja kufupishwa au kupanuliwa, na Kitinda ataona.

"Gauni halina kazi," dereva alisema kutoka kwenye benchi. "Ila suti ina kazi kubwa. Mabega yapunguzwe, suruali ipandishwe. Mvaaji mpya ni mfupi."

Pasi alikuwa ameishika suti. "Mvaaji mpya nani?"

"Sasa hiyo ni habari, na mimi nilisema..." Dereva alimwona uso, akaacha utani. "Yule wa zamani ameacha. Aliaga kabla ya Jumamosi, mimi mwenyewe nilimsikia akimwambia meneja. Kapata kazi ya kudumu kwenye ghala la saruji, kupakia malori. Nikamwambia, kijana, unaacha kula kuku kila wiki ukabebe magunia? Akasema anaoa, na mtu hawezi kuoa huku anapigia goti watu wengine."

Mama Sabuni alizima mashine. Pasi aliketi juu ya gunia. Aliona aibu kuanzia miguuni. Yule mtu alikuwa amesema kweli akiwa amepiga goti, mbele ya taa na simu za watu, na yeye ndiye aliyemshika koti.

Jioni alimweleza Kitinda yote, na safari hii hakunong'ona, Mama asikie. Kitinda alisikiliza mpaka mwisho.

"Alinidanganya kuhusu suti," alisema.

"Alikudanganya. Hilo alifanya."

"Na kuhusu kazi."

"Na kazi. Lakini si kuhusu wewe. Hilo nilidanganya mimi." Pasi alivuta pumzi. "Mpigie simu. Nitamwomba radhi."

"Kwa simu?" Kitinda aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akamtazama dada yake usoni. "Ulimsema mbele ya watu, dada. Mbele ya watu ukamwambie."

Ghala la saruji lina geti pana na ua wa vumbi. Pasi aliingia saa ya mapumziko ya mchana, wapakiaji wameketi kivulini mwa lori wakila mkate na soda, wote weupe kwa saruji hata hawatambulikani. Kitinda alikataa kuingia. Alisimama nje, nyuma ya nguzo ya geti.

"Unamtafuta nani, dada?" mmoja aliuliza.

Pasi aliwaangalia mmoja mmoja. Kwenye ukingo wa lori alikaa mmoja aliyeinamisha kichwa zaidi ya wengine, shati limefumuka kwapani, mikono imechubuka. Mabega aliyajua.

"Shemeji!" Pasi aliita.

Neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Wapakiaji wote waligeuka isipokuwa yule mmoja.

"Namtafuta shemeji yangu," alisema, akiwaambia wote. "Yule pale. Jumamosi nilimwita mwongo mbele ya watu waliojaa mkahawa. Nilimvuta koti akiwa amepiga goti kwa mdogo wangu. Nilikosea, na nimekuja kusema hivyo nanyi mkisikia. Ameacha kazi ya starehe akaja kubeba saruji kwa ajili ya kuoa kwetu, na mimi nikamfukuza."

Mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Kumbe wewe ni bwana harusi, na unatunyima habari!" Mtanashati alishuka polepole kwenye lori, akasimama mbele yake, na vumbi likamwanguka mabegani.

"Suti nilidanganya, dada."

"Ulidanganya. Hilo utamjibu Mama, na jiandae, maana vile viatu vilimtoa malengelenge."

Mtanashati alitaka kucheka, uso haukumruhusu. "Na yeye? Anasemaje?"

"Yuko nyuma ya nguzo ya geti."

Mtanashati alishtuka, akajitazama. Hajawahi hata siku moja kuonekana na Kitinda bila suti. Alijikung'uta suruali, saruji ikapanda usoni, akajifuta usoni, akajipaka zaidi.

"Nitatokaje hivi?"

Pasi alimtazama, kwapa lililofumuka, vidole vyenye damu kavu, nywele nyeupe kama za babu. Katika mkoba alikuwa na sindano na uzi, mweusi safari hii, lakini aliviacha humo humo.

"Hivyo hivyo, shemeji," alisema. "Toka hivyo hivyo."